Meza ya Moto ya Lousã

Simu ya binti yangu ililia tukiwa mgahawani, supu imekwisha na samaki hajaja. Haikulia kama ya mtu anayepigiwa. Ilitoa mlio mmoja mkavu, na papo hapo simu mbili za meza ya jirani zikaitikia. Akatazama, akanitafsiria: mamlaka ya ulinzi wa raia inatahadharisha kwamba kwa siku mbili hatari ya moto ni kubwa mno hapa, msiwashe moto, msitumie mashine za kutoa cheche msituni wala mashambani. Akairudisha simu kwenye mkoba, akaendelea kumega mkate. Hakuna aliyeinuka. Mzee wa meza ya jirani aliisogeza simu yake mbali na macho, kama tufanyavyo sisi tuliosahau miwani nyumbani, akatikisa kichwa, akaagiza kahawa.

Mimi nafundisha Jiografia katika sekondari moja wilayani Mufindi. Kila Septemba na Oktoba na sisi tunaungoja moto, ila kwetu habari zake huletwa na pua. Unaamka, unanusa, unatoka nje kutazama moshi umesimama upande gani, ndipo unajua kama leo utafundisha au utapanda mlimani na wanafunzi, kila mmoja na tawi bichi mkononi. Ndiyo maana ule mlio wa simu ulinipotezea hamu ya samaki. Nilikuwa nawaza: nani amejua, na amejuaje, moto wenyewe haujawaka?

Ilikuwa Septemba 2023, nami nilikuwa Ureno kumtembelea huyo binti anayesoma Coimbra. Coimbra ni mji uliopanda kilima. Mto Mondego unapita miguuni pake, na kileleni kimekaa chuo kikuu ambacho miaka yake inahesabiwa kuanzia 1290. Mnara wa chuo una kengele ambayo wanafunzi wameipa jina la "mbuzi", na wanafunzi wenyewe, siku za shamrashamra zao, huvaa suti nyeusi na joho jeusi zito la kufika miguuni, jua likiwa limewaka kama la Dodoma. Vyeo huko havichezewi. Mhandisi ni Senhor Engenheiro hata kwa muuza mikate, na aliyemaliza shahada ya kwanza tu huitwa Doutor. Hapo nilijisikia nyumbani. Kwetu mtu akifuzu uhandisi, hata mama yake mzazi huanza kumwita Injinia.

Nilijua tangu shuleni kwamba Wareno walituachia maneno huko Pwani, lakini ni jambo jingine kuyasikia vinywani mwa wenyewe. Mesa, meza. Bandeira, bendera. Parafuso, parafujo. Na watu wa zimamoto wanaitwa bombeiros, yaani watu wa bomba, bomba lile lile letu. Kila mji mdogo tuliopita una jengo lao, magari mekundu yameelekezwa barabarani tayari, na ukutani pameandikwa kwamba hao ni wa kujitolea. Ndani ya zile sare, binti yangu alinieleza, wamo maseremala, wauza duka, walimu. Walimu! Nikajiona na tawi langu.

Jambo moja Kiswahili hakikunisaidia. Wareno wana fogo na wana incêndio. Fogo ni moto wowote, wa jikoni, wa mshumaa, wa mkulima anayechoma magugu yake. Incêndio ni moto uliomshinda mwenyewe. Sisi tuna neno moja, na tukitaka kuutenga ule mbaya tunauita moto kichaa. Nalipenda neno letu, lina hofu ndani yake. Kasoro yake ni kwamba linaufanya moto uonekane hauna sababu, na watafiti niliokuwa nakwenda kuwaona, wa maabara ya moto kule Lousã, wanalipwa kuonyesha kwamba moto hauna ukichaa wowote.

Zamani kulikuwa na treni ya kutoka Coimbra hadi Lousã. Ilisimamishwa mwaka 2010, reli ikang'olewa, kwa hiyo sisi tulipanda basi. Safari haikufika saa moja, na kwa muda wote huo sikuona mti mgeni. Ni mikaratusi, ile ambayo kwetu tunaiita milingoti, na misindano, ambayo hakuna mtu Mufindi anayeiita misindano, ni paina. Milingoti ya Ureno ilitoka Australia katika karne ya 19, kama yetu ilivyotoka huko huko, na leo imeshika kiasi cha robo ya misitu yote ya nchi hiyo, kazi yake kubwa ikiwa kulisha viwanda vya karatasi. Kilichonishangaza ni wenyewe wa miti hiyo. Serikali ya Ureno inamiliki kama asilimia 3 tu ya misitu. Iliyobaki karibu yote ni ya watu, vipande vidogo vya urithi vilivyogawanywa babu kwa mjukuu mpaka kipande kimekuwa ua, na mrithi yuko Lisbon au Ufaransa na hajui mpaka wake unaanzia jiwe gani. Hapo magugu hufika kiunoni. Nilitaka kucheka, kisha nikakumbuka ekari za vijana wetu waliokwenda Dar es Salaam na kuacha paina zijilee zenyewe.

Maabara iko pembeni mwa uwanja mdogo wa ndege, nje kidogo ya mji. Ni ya ADAI, chama kisicho cha biashara kilichoanzishwa mwaka 1990 kando ya idara ya uhandisi mitambo ya chuo kikuu. Nilitarajia vioo na makoti meupe. Nikakuta jengo kama ghala la tumbaku, masizi yamepanda mpaka darini, na harufu ninayoijua tangu utotoni, ya majani ya paina yaliyoungua. Nimevuka bahari kuja kunusa Mufindi.

Katikati ya ghala imesimama meza. Wenyewe wanasema mesa, nami kwa mara ya kwanza siku hiyo sikuhitaji mkalimani. Ni jukwaa la chuma lenye mbawa mbili. Ukiziinua linakuwa kama kitabu kilichofunguliwa nusu, na kitabu chote kinaweza kuinamishwa. Hilo ndilo korongo lao. Kijana mmoja alipima majani ya paina kwenye mizani, akayatandaza juu ya chuma kwa viganja, polepole, kama mama anayeanika mpunga, akirudi kuondoa kidogo pale palipozidi. Juu ya meza inaning'inia kamera inayoona joto. Kwenye sakafu kuna mstari wa rangi.

"Baba, rudi nyuma ya mstari."

Nikarudi. Wakawasha chini kabisa, kwenye mkunjo wa kitabu. Mwanzoni moto ulitambaa, mwembamba, kama utambi wa koroboi, na moyoni nilisema huu ningeuzima peke yangu kwa tawi moja. Feni zote zilikuwa zimezimwa, milango imefungwa, hakuna upepo. Ukaendelea kutambaa. Kisha ndimi zake zikaanza kulala kuelekea mlimani, nikahisi hewa ya ghala inapita masikioni mwangu kuufuata, na kabla sijamaliza kugeuka kumuuliza binti yangu kuna nini, mkunjo wote ulikuwa umesimama kwa moto kutoka chini hadi juu, urefu wa mtu, ukivuma. Halafu majani yakaisha. Ukumbi ukanyamaza. Kijana akaandika namba.

Moto ule ulijitengenezea upepo wake wenyewe. Domingos Xavier Viegas, profesa aliyeijenga kazi hii, ameandika juu ya jambo hili kwa miaka mingi: kwenye korongo, moto unaoonekana mpole unaweza kulipuka bila upepo kubadilika na bila kosa la mtu yeyote aliye karibu, na watu wanaousubiri juu ya mteremko hawapati nafasi ya kukimbia. Yeye si mtu wa misitu. Ni mhandisi wa mitambo, mtu wa hewa na mwendo wake, aliyegeukia moto baada ya Septemba 1985, pale wazimamoto 14 walipofia mahali paitwapo Armamar.

Sikusema kitu kwa muda. Kule kwetu kuna bonde ninalolijua vizuri, na moto ukitokea bondeni sisi huwapanga watoto juu, kwenye ukingo, wausubiri ufike umechoka. Nimewapanga mimi mwenyewe, si mara moja.

Hata hivyo, kilichonikaa zaidi kichwani si meza ile. Ni kazi ya kuchosha niliyoonyeshwa baadaye, ya kuokota majani. Majira yote ya joto, mtu wa maabara hutoka, huingia kwenye miti ya jirani, huinama, huokota majani makavu ya paina yaliyoanguka, huyapima uzito, huyakausha kwenye tanuri, huyapima tena. Kilichopungua ni maji. Kwa macho majani yote ni makavu, lakini jani moja linakubali kiberiti na jingine linakataa, na tofauti ni hayo maji yasiyoonekana. Wameyapima hapo Lousã kwa zaidi ya miaka 30. Ujumbe ule wa mgahawani una wazazi wengi, wamo watabiri wa hali ya hewa na picha za setilaiti, lakini mmoja wao ni huyu mtu anayeinama.

Niliuliza swali la mwalimu wa serikali: anayeokota analipwa na nani? Jibu lilikuwa refu. Kulikuwa na mfuko wa taifa wa sayansi, FCT, ambao kwa Tanzania ningeulinganisha na COSTECH, tume yetu ya sayansi na teknolojia. Kuna wizara zinazotaka majibu ya maswali yao. Kuna Umoja wa Ulaya, ambao mwaka 2021 uliwapa ADAI uongozi wa mradi mkubwa wa moto uitwao FirEUrisk, wenye nchi nyingi ndani yake. Na kuna bolsa, yaani posho ya utafiti, ambayo vijana wengi wa maabara za Ureno huishi kwayo, miaka miwili hapa, mitatu pale, wakiandika maombi mapya kabla posho ya zamani haijakatika. Kwa hiyo hata huko anayepima majani hana hakika ya Desemba yake. Niliposikia hivyo niliwapenda zaidi.

Pochi ya serikali ilifunguka kweli mwaka 2017, na sababu yake niliiona siku iliyofuata.

Rafiki wa binti yangu alitupeleka kwa gari upande wa pili wa milima, mpaka barabara ya EN 236-1, inayounganisha miji midogo ya Castanheira de Pera na Figueiró dos Vinhos. Ni barabara nzuri, nyembamba, ya kona kona, milingoti mipya imesimama pande zote. Tarehe 17 Juni 2017, Jumamosi, moto ulioanzia Pedrógão Grande uliwakuta watu hapo wakiwa kwenye magari, wakikimbia vijiji vyao. Waliokufa kwa moto ule ni 66, na 47 kati yao walifia kwenye barabara hii. Kalenda ya serikali ilikuwa bado haijafika msimu wa hatari. Nguvu kamili za zimamoto zilipangwa kuanza Julai. Leo kando ya barabara kuna bwawa la kumbukumbu lililobuniwa na Eduardo Souto de Moura, msanifu majengo wao mashuhuri, na majina yameandikwa. Maji yametulia. Gari likipita unasikia matairi yake kwa muda mrefu.

Wizara ya mambo ya ndani iliipa kazi timu ya Viegas ichunguze kilichotokea, nyumba kwa nyumba na gari kwa gari. Bunge nalo likaunda tume yake huru ya wataalamu 12, wengi kutoka vyuo vikuu, mwenyekiti akiwa João Guerreiro, aliyewahi kuwa mkuu wa Chuo Kikuu cha Algarve. Tume ilikabidhi ripoti tarehe 12 Oktoba. Tarehe 15 Oktoba, siku tatu baadaye, katikati na kaskazini mwa nchi pakawaka tena, wakafa watu wengine wapatao 50. Wino ulikuwa haujakauka. Kwa mwaka ule peke yake ziliteketea zaidi ya hekta 500,000.

Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio. FCT ikafungua mashindano ya miradi ya vyuo vikuu kuhusu moto wa misitu peke yake, mwaka 2017, 2018 na 2019. Mwaka 2018 ikaundwa wakala maalumu, AGIF, chini ya waziri mkuu, na katika jina lake neno "msitu" likaachwa. Sasa wanasema "moto wa vijijini", kwa sababu watafiti walikuwa wamechoka kueleza kwamba moto hauanzii wala hauishii penye miti. Mwaka huo huo ukaja mpango wa vijiji salama: kila kijiji kina mtu wake wa kuongoza wenzake na jengo la kukimbilia linalojulikana kabla.

Kwenye kijiji kimoja cha nyumba za mawe nilimkuta bibi wa umri wa mama yangu akikwangua nyasi kwa jembe dogo. Sheria inamtaka asafishe mita 50 kuzunguka nyumba. Alitukaribisha mkate wa mahindi, broa, mzito kama ugali uliolala, na kupitia binti yangu akalalamika kwamba hizo mita 50 zinaingia kwenye shamba la jirani aliyehamia Uswisi, na faini wataiandika kwa nani? Nikamwambia kwetu tungekwenda kwa mwenyekiti wa kijiji. Akauliza mwenyekiti analipwa kiasi gani. Tukaliacha.

Akatuambia pia kwamba baba yake, mchunga mbuzi, alikuwa akichoma vichaka mwezi Februari, jioni, moto ukishuka mlima. Siku hizi kazi hiyo ina jina, fogo controlado, na anayeifanya lazima awe na kozi na cheti. Wanasayansi wa kaskazini, kule Vila Real, wametumia miaka mingi kuthibitisha kwamba inafaa. Bibi yangu alikuwa akichoma mwezi Juni, majani yangali na ubichi chini, jioni, kuelekea upepo unakotoka. Hakuwa na cheti, na mimi mjukuu wake mwenye shahada sikumuuliza kwa nini jioni.

Sisemi kwamba nyumbani hatuna wajuzi. SUA, chuo kikuu cha kilimo pale Morogoro, ina wasomi wa misitu na msitu wake wa mafunzo Olmotonyi, chini ya mlima Meru. TAFORI, taasisi ya utafiti wa misitu, ipo tangu 1980. Na Oktoba 2020, Kilimanjaro ilipowaka, wanafunzi wa chuo cha Mweka walipanda kuuzima pamoja na askari na wanakijiji. Vyuo vyetu vilikuwepo mlimani, ila viliitwa kwa ajili ya mikono. Kijijini kwetu waliwahi kuja watafiti na gari lenye nembo ya mradi. Walikuwa watu wazuri. Walipima moto misimu miwili, mradi ukaisha, wakaaga kwa soda na biskuti, wakaondoka na madaftari. Mwaka wa tatu mjomba wangu alipoteza paina zote za ekari mbili, ada za watoto wake, kati ya saa saba na saa tisa mchana. Siku hiyo majani yalikuwa na maji kiasi gani? Hakuna ajuaye, kwa sababu hakuna aliyelipwa kuinama.

Serikali ya Ureno ilitoa fedha nyingi baada ya mazishi, kama zifanyavyo serikali nyingi. Lakini ilizipeleka mahali ambapo tayari palikuwa na meza, kamera, na daftari la miaka 30 lililojazwa wakati hakuna aliyekuwa akilia. Bila daftari hilo, fedha za 2017 zingenunua magari mekundu tu.

Kabla ya kuondoka Coimbra nilinunua mizani ndogo ya jikoni, ile ya kupimia unga wa keki. Sasa iko shuleni. Kidato cha tatu wanaokota majani ya paina nyuma ya bweni kila saa saba mchana, wanayapima, wanayakausha, wanayapima tena, na wanaandika kwenye daftari la kaunta. Mara ya kwanza tuliyakausha kwa sufuria juu ya jiko la mkaa. Yaliwaka, na mpishi akatufukuza. Sasa tunaanika juu ya bati, tunajua si sahihi, lakini tunaandika. Hadi leo tuna siku 41, tumekosa tatu, zote za mtihani. Tunachokosa ni tanuri. Kama katika chuo chako au maabara yako kuna tanuri dogo la kukaushia ambalo halitumiki, hata kama kitasa cha mlango wake kimelegea, nauli ya kulisafirisha hadi Mafinga tutalipa sisi.